Shubiri Moja

Juzi alasiri mjukuu wangu Zaina kaingia uani na mfuko mgongoni unagonga ngwa, ngwa, nikadhani kaninunulia masufuria. Kumbe ni vyuma vya kuanzia mbio. Yeye na wenzie wanafanya mazoezi huko Raskazone, na vile vyuma wanapokezana, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Akafukuza kuku wangu, akafagia, akaupigilia misumari ule utepe wa chuma wa katikati, wenye matundu, kwa mchi wangu wa kutwangia kisamvu. Nikamwangalia tu, maana kisamvu chenye mchanga atakula yeye. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha, udongo umelowa. Ile harufu ya ardhi iliyochokorwa ikanifuata mpaka kwenye mbuzi niliyokalia nikikuna nazi.

"Bibi, nishikie hapa," akaninyooshea ncha ya futikamba. "Uweke kwenye nyonga yangu, usiisogeze hata kidogo."

Kifuu kikaniponyoka, kikabingirika mpaka mlangoni.

"Futikamba haing'ati, Bibi."

"Wewe hujui imeng'ata wangapi," nikamwambia.

Nyie wenzangu wa rika langu, mliokuwa mkienda shule pekupeku, nyie mtanielewa. Mie shule yenyewe niliishia darasa la pili, la tatu nililichungulia dirishani. Lakini habari ya mtu kuondoka kwenye mstari wa mbio naijua kuliko walimu wa Zaina, na nilivyoijua sipendi.

Nilikuwa na miaka minane hivi, tunakaa Mabawa, nyumba ya udongo na bati la kutu. Dada yangu Mwanaidi alikuwa na kumi na minne. Miguu yake mirefu, myembamba, magoti kama mafundo ya muwa. Mama akimtuma chumvi dukani, anarudi kabla mama hajamaliza kusema chumvi ya kiasi gani, inabidi arudishwe tena.

Mtaani petu alikuwepo mzee mmoja, Bwana Kombo. Bwana Kombo ndo alikuwa mpimaji na mchimbaji wa makaburi. Mtu akifa, anaitwa. Anaingia kwa mlango wa uani, hapigi hodi, kiunoni kaviringisha kamba ya mkonge, nyembamba, imekuwa nyeusi kwa mikono. Maiti ikiwa ya mwanamume anapima mwenyewe, ikiwa ya mwanamke anawapa kamba waosha. Kamba inanyooshwa utosini mpaka nyayoni, inafungwa fundo. Inanyooshwa bega kwa bega, inafungwa fundo jingine. Halafu huyo anakwenda zake makaburini, kwa kipimo kile anachimba. Macho yake yalikuwa na utando mweupe, mtoto wa jicho, kwa hiyo akitembea njiani utamuona anayapapasa yale mafundo kwa kidole gumba, kama mtu anayevuta tasbihi. Sie watoto tukimuona tunatimka. Yeye anacheka, "Msikimbie, vitoto, sina haja na nyie leo." Hiyo "leo" ilikuwa inanikosesha usingizi.

Sasa sikilizeni kosa langu lilivyoanza. Jirani yetu, Bi Mwanjaa, alikuwa mgonjwa. Siku hiyo namuona Bwana Kombo anaingia uani kwao na kamba. Nyumba kimya, hakuna anayelia. Akatoka, akaenda. Jua limeshapinda ndo nasikia kilio kinapasuka. Kumbe watu wazima walizuia kilio makusudi mpaka mwanawe afike kutoka Pangani, mama wa watu alikuwa amekata roho toka asubuhi. Lakini nani alinieleza mie? Mie nilichoona ni kimoja: kamba imeingia kwanza, kifo kimefuata nyuma. Nikaweka moyoni kwamba Bwana Kombo akishakupima, basi.

Haukupita mwezi. Tuko uani, mama anapeta mchele, Mwanaidi anasuka ukili. Mlango wa uani ukasukumwa, hodi hakuna. Bwana Kombo. Kamba kiunoni.

"Yuko wapi huyo mtoto?" akauliza.

"Huyo hapo," mama akasema, tena anatabasamu. "Inuka mwanangu, upimwe."

Nikajibanza nyuma ya pipa la maji. Mwanaidi kasimama wima kwenye mwimo wa mlango, kanyooka. Mzee akapiga goti. Akaweka ncha ya kamba kwenye nyonga, akaivuta mpaka gotini, akafunga fundo. Akaivuta mpaka katikati ya ugoko, akafunga la pili. Halafu bega kwa bega. Anafanya taratibu, kwa vidole, midomo inacheza kama anasoma kitu. Akaja nyuma ya Mwanaidi, ghafla akamsukuma mgongoni. Mwanaidi akajizuia kwa mguu wa kulia, asianguke.

"Wa kulia ndo unaomwokoa," mzee akasema. "Basi huo ndo utakaa nyuma, wa kushoto mbele. Kesho alfajiri nitachimba."

Mama akacheka. "Chimba vizuri, Bwana Kombo, asije akaumia kiuno."

Mie nyuma ya pipa naona mama yangu mzazi anacheka.

Leo najua yote. Bwana Kombo ujanani alikuwa mfanyakazi wa reli na mkimbiaji wao, alifundishwa kazi ile na watu wanaoijua. Enzi zile vyuma vya kuanzia uwanjani hakuna. Kila mkimbiaji anachimba vishimo vyake viwili nyuma ya mstari, vya kukanyagia. Mashindano ya mji mzima yalikuwa yanakuja, wa kwanza na wa pili watapelekwa Dar es Salaam, na mzee alikuwa kaisikia miguu ya Mwanaidi ikikimbilia chumvi. Watu wazima wote mtaani walijua. Mtoto wa miaka minane, kazi yake kukaa nyuma ya pipa.

Alfajiri nikawafuata kiwanjani. Umande, ukungu, kunguru wanagombana juu ya mnazi. Mzee anachimba kwa kile kijembe chake cha makaburini, chenye mpini mfupi. Vishimo viwili tu, kimoja mbele kimoja nyuma. Nikasema moyoni, anaanzia miguuni. Akamwambia Mwanaidi apige magoti, akampanga. Mikono nyuma ya mstari, upana wa mabega. Uso unatazama kaskazini, na kwetu Tanga kaskazini ndo kibla.

Na maneno yake nayakumbuka mpaka leo, maana niliyasikiliza kama mtu anayesikiliza hukumu.

"Mtu haondoki kwa kukimbia. Anaondoka kwa kusukuma. Ardhi isukume nyuma kwa miguu yote miwili, yenyewe itakurusha mbele. Goti la mbele lipinde kama kona ya dirisha. La nyuma lifunguke zaidi, kama mkasi uliochoka. Kiuno kikipanda, kipite mabega kidogo, kidogo tu. Kikizidi, uzito wote unaangukia mikononi na miguu haina cha kusukuma. Kikipungua, umekaa kama kuku anaatamia. Na kichwa usinyanyue mapema. Ukinyanyua kichwa, kifua kinafuata, nguvu zako zote zinapaa juu kama moshi wa jikoni, mwenzio keshakwenda."

Anamgusa goti, anamgusa kiuno kwa fimbo, macho yake hayaoni lakini fimbo inaona. Halafu anagonganisha mbao mbili, pa. Mwanaidi anatoka chini chini, mgongo umelala, hatua ya kwanza fupi, ya pili ndefu, anainuka polepole mpaka kashafika kwenye mti wa mkungu wa mwisho wa kiwanja. Nikasikia hata mie kifua kinapanuka. Dada yangu alikuwa kitu cha kutazama, wallahi.

Ningepumua hapo, nikaona haya mashimo hayajamuua. Lakini mzee akasema, huku anayafukia kwa mguu, "Haya ni ya kujaribia tu. Yenyewe nitachimba siku yenyewe."

Tangu hapo nikawa nahesabu siku. Mama akarudi na bafta nyeupe, mikono miwili na nusu, akaikunja akaiweka juu ya kabati. Bafta nyeupe mie niliiona mara moja tu, kwenye sanda ya Bi Mwanjaa. Nikamuuliza, "Mama, hiyo ya nini?" Akasema, "Ya Mwanaidi, umeshakuwa mkubwa, wataka kujua kila kitu." Alikuwa anamshonea suruali pana ya kukimbilia, ifike chini ya magoti, watu wasimseme mtoto wa Kiislamu. Nami nikalala pembeni ya Mwanaidi kitandani, namwekea kiganja puani nisikie kama anapumua. "Hebu toa mkono wako unanuka dagaa," ananiambia, anageukia ukutani.

Sasa nyie mtasema, si ungesema tu? Niseme kwa nani? Mama anacheka, Mwanaidi mwenyewe anaondoka asubuhi kwa miguu yake kumfuata mpimaji. Nikaona wamemridhia. Nimebaki mie.

Na akili ikanijia. Mwezi ule ule wa Bi Mwanjaa nilisikia watu wakisema barazani kwamba kaburi lake lilitoka fupi, ikabidi jeneza liwekwe chini, vijana wachimbe tena, maana maiti haikuingia. Hiyo "haikuingia" ikanikaa. Nikasema, basi shimo la Mwanaidi likiwa fupi, Mwanaidi hataingia. Watarudi naye nyumbani.

Siku moja kabla, Bwana Kombo kaja kumwangalia Mwanaidi, akaingia ndani kunywa kahawa na baba, kamba kaitundika kwenye msumari wa mlango. Magharibi inaadhiniwa, wanaume wametoka kuswali. Nikapanda kwenye kinu, nikaishusha. Ilikuwa nzito kwa jasho, inanuka udongo na mkonge uliolowa. Nikayafungua mafundo mawili ya mguu kwa meno. Kila moja nikalisogeza shubiri moja kuirudia ncha, shubiri ya mkono wangu mdogo, nikalifunga upya. Nikarudisha kamba kwenye msumari. Usiku ule nikalala kama nimepewa zawadi ya Idi.

Siku ya mbio uwanja umejaa, watu wa Mabawa wamekuja na madebe ya kupiga. Wakimbiaji wanaitwa haraka haraka, jua limeshakuwa kali. Nimemshika mama kanga. Bwana Kombo akaweka ncha ya kamba kwenye mstari wa chokaa, akapapasa fundo la kwanza, akachimba. Fundo la pili, akachimba. Mwanaidi katika bafta yake nyeupe akapiga magoti, akaingiza miguu. Nikamuona anacheza, anajisogeza, anageuza uso.

"Bwana Kombo, leo naona kama nimebanwa."

"Ni woga huo, mwanangu. Kamba haidanganyi. Tulia."

Magoti yalikuwa yamemgusa kifuani. Alipoambiwa ainue kiuno, kiuno kikapaa juu, kichwa kikaenda chini, mikono inatetemeka kwa uzito. Hata mie niliyesikia tu maneno ya mzee nikajua pale hakuna cha kusukuma. Mbao zikagongana. Wenzie wakatoka. Yeye akaruka juu kama mtu aliyekanyaga mwiba, mguu wa nyuma ukamgonga wa mbele, akaenda chini kwa paji la uso, mikono mbele, mbele ya uwanja mzima. Aliinuka, akakimbia. Na alivyokimbia jamani, aliwapita wawili. Kafika wa nne.

Na mie, Mungu anisamehe, nilikuwa narukaruka kwa furaha. Shimo limemkataa. Dada yangu mzima.

Jioni Bwana Kombo akaja. Mwanaidi kajifungia ndani, hali, hasemi. Mzee akakaa kwenye kigoda uani, kamba mapajani, kidole gumba kinatembea juu yake. Kikafika kwenye fundo, kikasimama. Akalipapasa. Akarudi nyuma, akalipapasa tena.

"Fundo hili si langu," akasema polepole.

"Labda panya," mama akasema.

"Panya anatafuna, mama. Hafungi."

Akainua yale macho meupe, akayaelekeza pale pale kwenye pipa. Sijui aliona nini. Jasho lilinitoka mpaka kwenye visigino. Mwishowe akashusha pumzi. "Basi, nimekosea mie," akasema. Akaviringisha kamba, akatoka. Hakumtaja mtu. Lakini maneno hayana mlango, mtaani wakaanza kusema, mzee kashindwa kupima mguu wa mtu hai, ataweza maiti? Haikuchukua muda, wakawa wanamwita mwingine. Nikawa namuona kakaa barazani kwake, vidole vinapapasa goti lake mwenyewe, kamba hana.

Na Mwanaidi? Wasichana kisimani wakimuona wanamwambia, "Takabali Mwanaidi," kama mtu aliyemaliza kuswali, kwa vile alisujudu uwanjani. Anacheka nao, lakini hakukimbia tena. Mzee alimwambia ni woga, naye akauamini. Alikuja kuitwa kusomea uuguzi, akakataa. "Mie nikifika mbele za watu naanguka," akasema. Akaolewa Ushongo, akakaa nyuma ya watu maisha yake yote, hata kwenye ngoma anasimama mstari wa mwisho. Mie nikiwa na miaka kumi na miwili nikaja kuelewa nilichofanya, nikafunga mdomo. Kila mwaka ukipita unakuwa mgumu kufunguka.

Nilikuja kumwambia tumeshazaa na kuzika. Nilikwenda Ushongo kumtembelea, tunamenya muhogo, binti yangu, huyo mama yake Zaina, anacheza pembeni, naye ana miaka minane. Nadhani ile miaka minane ndo iliyonisukuma. Nikamweleza yote, Bi Mwanjaa, bafta, kamba, meno. Mwanaidi akaweka kisu chini.

"Ulisogeza kiasi gani?"

"Shubiri moja."

"Ya mkono wako wa sasa au wa wakati ule?"

"Wa wakati ule."

Hakunitazama. "Njoo mwanangu," akamwita binti yangu, "lete mkono." Akakitanua kile kiganja kidogo kwenye mchanga. Akachukua kifuu akachimba vishimo, viwili vya kipimo chake cha haki, alikuwa bado anakijua. Pembeni akachimba vingine viwili, shubiri moja pungufu. Akaikaza kanga kiunoni, mtu mzima mwenye wajukuu, akapiga magoti kwenye vya kwanza, akainua kiuno. Akatulia hapo muda. Akahamia vya pili. Magoti yakamgusa kifuani, kiuno kikapaa, mikono ikaanza kutetemeka. Akakaa pale pale, kichwa chini, mpaka nikaogopa.

"Basi sikuogopa," akasema. Anauambia mchanga, si mie. "Sikuogopa. Nilibanwa."

Akaingia ndani. Nilirudi Tanga bila kuagwa. Alikaa miezi minne hasemi na mie. Siku ya Idi nikamuona kaja, kashika kuku, kasimama mlangoni.

"Siku nikifa," akasema, hata salamu hajatoa, "kamba ushike wewe. Na usinibane."

Tukacheka mpaka kuku akatuponyoka.

Mwaka jana akafa. Nimo chumbani na waosha, mlango ukafunguliwa kidogo, mkono wa kijana mchimbaji ukaingiza kamba. Siku hizi ni ya nailoni, ya buluu. Nikaishika utosini mwa dada yangu, nikaivuta mpaka nyayoni. Miguu yake ilikuwa bado mirefu. Pa kufungia fundo palikuwa pale, napaona. Nikaongeza vidole vinne ndo nikafunga. Yule kijana alipoipokea na kuinyoosha akaulizia mlangoni, "Bibi, mbona fundo limezidi?" Nikamwambia, liache hivyo hivyo.

Basi juzi nikaiokota ile ncha ya futikamba, nikaiweka kwenye nyonga ya Zaina, nikaibana kwa vidole viwili. Akasoma tarakimu, akavipachika vile vyuma vya kukanyagia kwenye matundu ya utepe, akakaza. Akapiga magoti uani kwangu, uso kaelekeza kaskazini. Akaingiza miguu. Kiuno kikapanda. Harufu ya udongo inanijaa puani.

Akajisogeza. Akageuza uso.

"Bibi, naona kama nimebanwa." Halafu akacheka kidogo. "Aa, labda woga tu. Mashindano keshokutwa."

"Toka hapo," nikamwambia. "Tupime upya."